Dakika Moja ya Kinyonga: Kupanga na Kukamilisha Katuni ya 3D Ukiwa Maliba

Vijana wengi wa Maliba, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, wanaopenda katuni za 3D huanzia mahali pagumu kuliko pote. Wanapakua programu ya Blender, wanatafuta video za mafunzo, wanaanza kuunda uso wa binadamu. Baada ya miezi kadhaa wana kichwa kizuri kisicho na kiwiliwili, au kiwiliwili kisicho na hadithi. Kipaji wanacho, na kompyuta imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni mpango.

Makala haya yanafuata njia nzima, kutoka storibodi, yaani hadithi iliyochorwa kisanduku kwa kisanduku, hadi filamu iliyokamilika, na yanashikilia kanuni moja: kila uamuzi unaoweza kufanywa kwenye karatasi ufanywe kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme, bando wala memori. Kubadilisha tukio kwenye storibodi ni kazi ya kifutio na dakika tano. Kulibadilisha baada ya kuunda mhusika ni kazi ya jioni kadhaa. Ukingoja hadi picha zote ziwe zimerendwa, yaani zimekokotolewa na kompyuta kuwa picha kamili, utalilipia kwa siku nyingi za umeme ambao huna uhakika nao. Mto Mubuku unaendesha mitambo ya umeme, ukiwemo mtambo wa Bugoye wa megawati 13 ulioanza kazi mwaka 2009, lakini katika nyumba zetu taa bado huzimika bila taarifa. Mwenye laptopu moja hana budi kupanga zaidi ya mwenye studio.

Chagua hadithi inayobebeka

Filamu yako ya kwanza iwe ya dakika moja, mhusika mmoja na mahali pamoja. Usiogope kwamba hiyo ni ndogo. Mwaka 1986 Pixar walitoa Luxo Jr., filamu ya dakika mbili hivi yenye taa mbili za mezani na mpira. Kamera haikusogea, nyuma kulikuwa na giza tupu, taa hazikuwa na macho wala midomo, na bado watazamaji walitambua ipi ni mzazi na ipi ni mtoto. Hapa kwetu Uganda, Raymond Malinga na studio yake ya Creatures walitoa filamu fupi, A Kalabanda Ate My Homework, mwaka 2017, wakitumia zimwi linalojulikana kwa kila aliyesoma shule ya bweni. Mwaka 2023 aliongoza Herderboy, mojawapo ya filamu kumi za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliorushwa na Disney+. Filamu fupi ilitangulia.

Tuchukue mfano tutakaoufuata hadi mwisho. Miteremko ya Rwenzori ina kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Ni mhusika aliyekamilika kabla hujagusa penseli: hana nywele, hana nguo, ana macho yanayozunguka kila moja kivyake, na mwendo wake unatambulika hata kwa kivuli. Nywele, nguo na maji ndivyo vitu vinavyoielemea kompyuta kuliko vyote, na yeye hana viwili vya kwanza.

Hadithi: kinyonga yuko kwenye tawi juu ya mto, anamnyatia inzi. Anasikia mawe yakigongana upande wa mlimani. Maji yanageuka rangi ya udongo. Lazima achague kati ya inzi na uhai. Anamwacha inzi, anapanda juu kwa mwendo wake uleule wa kusitasita, na anapofika salama inzi anakuja kutua kwenye pembe yake.

Kila mkazi wa Kasese ataielewa. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 hayajasahaulika, na dalili za mto unaokuja, yaani ngurumo ya mawe na maji kubadilika rangi, ni elimu inayostahili kumfikia mtoto kabla ya mvua. Filamu hii inaweza kuwaokoa watu, na hiyo ni sababu tosha ya kuifanya vizuri.

Lakini mafuriko ni maji, na maji ni ghali. Mwaka 2025 tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni ilikwenda kwa Flow, kazi ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ileile ya bure unayoweza kuiweka kwenye laptopu yako. Inamhusu paka aliyekumbwa na gharika, haina neno hata moja la binadamu, na maji yamejaa kila pembe. Iliwachukua watengenezaji zaidi ya miaka mitano. Sisi tuna miezi mitatu. Kwa hiyo mto wetu utasikika zaidi ya utakavyoonekana, na storibodi ndiyo itakayolifanikisha hilo.

Storibodi: hapa ndipo filamu inapotengenezwa

Chukua karatasi ya A4, igawe visanduku sita vyenye umbo la skrini. Si lazima ujue kuchora vizuri. Mviringo wenye pembe tatu unatosha kuwa kinyonga. Chini ya kila kisanduku andika mambo manne: mhusika anafanya nini, anatazama wapi, shoti, yaani kipande kimoja kisichokatwa, inachukua sekunde ngapi, na nini kinasikika.

Gawa dakika yako kabla ya kuchora. Kwa mfano wetu: sekunde 12 za kumjua kinyonga na kuona anavyomtamani inzi, sekunde 10 za kusikia mlio na kuona maji yakibadilika, sekunde 8 za kuamua, sekunde 20 za kupanda, na sekunde 10 za mwisho. Jumla 60. Mgawanyo huu unakulazimisha kuona mapema mahali pa kuharakisha na mahali pa kutulia. Sekunde 8 za kuamua ni nyingi, na zimeachwa ziwe nyingi kwa makusudi, maana huo ndio moyo wa filamu.

Sasa lishughulikie tatizo la maji. Usichore mafuriko. Chora kokoto zikitetemeka kwenye mwamba. Chora jani likipita kwa utulivu, halafu jani jingine likipita mbio. Chora jicho la kinyonga na ndani yake rangi ya kahawia ikipanda. Uso wa mto ubaki bapa, unaoonekana kwa mbali, ukibadilika rangi tu. Mtazamaji akisikia mngurumo huku anaona kokoto zinaruka, mafuriko yatajengeka kichwani mwake, na kompyuta yako haitakuwa imebeba hata tone.

Kisha amua pande. Mlima uwe kulia kwa picha siku zote, na kinyonga apande kuelekea kushoto. Ukishika hilo katika kila kisanduku, mtazamaji atajua hatari inatoka wapi bila kuambiwa. Ukiigeuza kamera upande wa pili wa tawi, mlima utahamia kushoto, kinyonga ataelekea kulia, upande ambao mtazamaji amezoea kuona hatari, na ataonekana anaikimbilia. Kosa la namna hii huonekana kwenye karatasi kwa kutupa jicho mara moja.

Ukimaliza, bandika kurasa zote ukutani. Hesabu shoti: dakika moja inatosheka na shoti 12 hadi 16. Kisha andika orodha ya kila kitu kinachoonekana, na mbele ya kila kimoja andika kama kinaonekana karibu au mbali. Tawi linaonekana karibu, kwa hiyo litaundwa. Ukingo wa ng'ambo unaonekana mbali, basi utakuwa picha iliyochorwa na kusimamishwa nyuma. Vitu visivyo kwenye orodha hiyo havitengenezwi, hata vikipendeza vipi.

Animatiki: ijaribu hadithi kabla ya kuijenga

Piga picha kila kisanduku kwa simu. Zipange kwenye programu yoyote ya kuhariri video, iwe Kdenlive au DaVinci Resolve kwenye kompyuta, au hata programu ya simu, kila picha ikikaa sekunde ulizoziandika. Tia sauti za muda: mngurumo wa mdomo wako, vidole vikigonga meza. Hiyo ndiyo animatiki, filamu yako nzima ikiwa bado ya penseli.

Ionyeshe kwa watu watatu ambao hawajawahi kusikia hadithi hii. Usiwaelezee chochote. Waombe wakusimulie walichokiona. Mmoja akisema kinyonga alikuwa anakimbia nyoka, usibishane naye. Rudi kwenye kisanduku kilichompotosha ukichore upya. Rudia mpaka wasimulie hadithi uliyoikusudia. Kuna waongozaji wanaoruka hatua ya kuchora, na Zilbalodis ni mmoja wao: kwa Flow alipanga shoti zake moja kwa moja ndani ya kompyuta, akitembeza kamera kwenye dunia ya 3D. Lakini hata yeye alikuwa na filamu ya majaribio ya kutazama na kurekebisha kabla ya kazi nzito kuanza. Njia zinatofautiana, hatua ya kujaribu haikwepeki.

Usiende hatua inayofuata kabla ya kukubaliana na wenzako kwamba animatiki imefungwa. Ikishafungwa, urefu wa shoti haubadiliki bila sababu kubwa.

Kuunda umbo la mhusika

Mchore kinyonga kwa upande, kwa mbele na kwa juu, vipimo vikilingana. Tia michoro hiyo ndani ya Blender kama picha za mwongozo, kisha anza na maumbo sahili: tufe la kichwa, yai la kiwiliwili, bomba la mkia. Unganisha, vuta, punguza.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, ngozi ya mhusika ijengwe kwa vigae vya pembe nne vinavyofuata mwili: duara kuzunguka macho, duara kuzunguka mdomo, na mistari mitatu walau katika kila kiungo kinachokunjika. Kiungo chenye mstari mmoja kitapondeka mguu ukikunjwa. La pili, jizuie na idadi. Vigae elfu kumi vinamtosha kinyonga huyu kabisa. Magamba na mikunjo vichorwe kwenye picha ya ngozi. La tatu, kabla ya kutia mifupa, hakikisha vipimo na mizunguko ya umbo imethibitishwa kwa amri ya Apply. Ukisahau, mifupa itaivuta ngozi vibaya na utatafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Miguu ya kinyonga ina siri yake. Vidole vimeungana makundi mawili, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, kama koleo. Unda makundi hayo mawili na uache kuunda vidole kimojakimoja. Utakuwa umeokoa kazi na umesema kweli kuhusu mnyama.

Kwa kubadilika rangi, andaa picha mbili za ngozi, moja ya kijani kilichotulia na nyingine ya rangi iliyopauka yenye madoa meusi, kisha weka kidhibiti kimoja cha kuzichanganya. Kwa kidhibiti hicho hofu itaonekana mwilini bila neno.

Kutia mifupa

Mifupa ndiyo nyuzi utakazomwendeshea mhusika. Mfumo huo wa mifupa huitwa rigi, na rigi iliyotengenezwa ovyo itakusumbua katika kila shoti. Kwa kinyonga huyu unahitaji mifupa minne au mitano ya uti wa mgongo, shingo, kichwa, taya, mifupa mitatu kwa kila mguu pamoja na miwili ya kushika, na minane hadi kumi ya mkia ili ujikunje vizuri. Kila jicho liwe na kidhibiti chake peke yake. Ulimi uwe kitu cha pembeni kilichofichwa, uonekane kwenye shoti moja tu kama storibodi inautaka.

Miguu ipange kwa mfumo wa IK: ukisogeza wayo, goti na nyonga vinafuata vyenyewe, na wayo ukibaki mahali pake mwili unaweza kuyumba bila mguu kuteleza kwenye tawi. Kwa mnyama anayeishi kwa kushika matawi, hili ni la lazima.

Blender yenyewe hugawa uzito wa ngozi kwa mifupa, lakini mgawo huo ni mwanzo tu. Pita begani, nyongani na chini ya taya ukirekebisha kwa brashi. Kisha fanya mtihani: chukua pozi tano kutoka kwenye storibodi, zile zilizokunjika kupita zote, umweke mhusika katika kila moja. Bega likipondeka, lirekebishe sasa hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa katuni hujengwa upya fremu kwa fremu.

Kupanga jukwaa na kamera

Jenga tawi, mwamba na uso wa mto kwa maumbo ya kijivu yasiyo na rangi. Weka kamera kwa kila shoti ukifuata kisanduku chake. Toa video ya kijivu ya kila shoti na uitie kwenye animatiki mahali pa mchoro. Polepole filamu ya penseli itageuka filamu ya kijivu, na kila siku utakuwa na dakika nzima ya kutazama.

Chagua lenzi mbili au tatu na ubaki nazo: pana kwa kuonyesha mto na mlima, ya katikati kwa mwendo, ndefu kwa uso. Kamera itulie katika shoti nyingi. Isogee pale tu hadithi inapoisukuma, kwa mfano inapopanda pamoja na kinyonga kwenye shoti ya mwisho ya kupanda.

Faili zipe majina yanayoeleweka tangu siku ya kwanza: shoti_07_v03, shoti_07_v04. Usiandike juu ya toleo la zamani. Rigi ya kinyonga iwe kwenye faili moja inayoitwa na shoti zote kwa njia ya kuunganisha, ili ukirekebisha ngozi sehemu moja ibadilike kote.

Kumpa uhai

Kabla ya kusogeza mfupa wowote, mtazame kinyonga wa kweli. Ukimkuta kwenye migomba au kwenye ua, mrekodi kwa simu kutoka ubavuni, bila kumgusa wala kumng'oa tawini. Irudishe video kwa kasi ndogo. Utaona kwamba kabla ya kukanyaga huyumba mbele na nyuma, kama jani linalopeperushwa. Mara nyingine utaona mkia ukishika tawi kabla mguu haujaachia. Andika namba za fremu za kila hatua. Huo ni utafiti wako, na hakuna video ya mafunzo kutoka nchi za mbali itakayokupa.

Fanya kazi kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni pozi tupu: weka fremu za msingi peke yake, mhusika akiruka kutoka pozi hadi pozi bila kulainishwa. Cheza shoti hivyo. Ikiwa hadithi inaeleweka kwa pozi nne, shoti ni nzima. Ikiwa haieleweki, kulainisha hakutaiponya. Tabaka la pili ni pozi za kati: mwili unapitia wapi kutoka hapa hadi pale, nini kinatangulia na nini kinachelewa. Macho hutangulia, kichwa hufuata, mwili huja mwisho, mkia humaliza. Tabaka la tatu ndilo la kulainisha kwenye dirisha la grafu, ukiondoa mtikisiko na kuhakikisha nyayo hazitelezi.

Shoti ya kuamua ndiyo yenye thamani kuu, na kinyonga anakupa nafasi ambayo hakuna binadamu wala paka angeweza kukupa. Jicho la kushoto libaki limemkazia inzi. La kulia ligeuke taratibu kuelekea mtoni. Kwa sekunde mbili kamili mwili usisogee hata kidogo. Macho mawili yatazame pande mbili. Mtazamaji ataona nafsi imegawanyika. Kisha jicho la kushoto liachane na inzi, kwa shida, lirudi mara moja kumwangalia, hatimaye lijiunge na la kulia. Wakati huohuo kidhibiti cha rangi kianze kupanda. Hapo uamuzi umefanyika, na hakuna aliyesema neno.

Kuhusu kasi, katika kunyata hatua moja ichukue fremu 30 hivi kwa video ya fremu 24 kwa sekunde. Katika kupanda kwa hofu ichukue 14 au 15. Hiyo ni haraka maradufu kwake, lakini kwa mtazamaji bado ni polepole kuliko mto unaokuja, na pengo hilo ndilo litakalomfanya ashike roho. Usimfanye akimbie kama mjusi. Ukivunja tabia ya mhusika ili kuongeza msisimko, utapoteza vyote viwili.

Anza na shoti nyepesi ili mkono uzoee rigi, kisha ingia kwenye shoti ya kuamua ukiwa bado na nguvu. Zile za mwisho ziwe ndogondogo ambazo zinaweza kufupishwa muda ukibana.

Mwanga na rangi

Kinyonga wa kijani kwenye majani ya kijani atapotea. Mtenge kwa mwanga: nyuma yake kuwe na ukungu wa mlimani, mweupe na hafifu, na majani ya karibu yawe na kijani cheusi kuliko chake. Mwanga mwembamba utokee nyuma uchore mstari mgongoni na kwenye pembe.

Jua moja na mwanga wa anga vinatosha. Katika sekunde 12 za mwanzo jua liwepo. Mto ukibadilika, lizime polepole, wingu lifunike. Jaribu fremu moja ya kila shoti, zipange zote kwenye ukurasa mmoja, uzitazame kwenye simu ukiwa nje juani. Watu wengi wataiona filamu yako hivyohivyo. Kile kisichoonekana hapo, kiongezee mwanga.

Kurenda kwa hesabu

Sekunde 60 kwa fremu 24 ni fremu 1,440. Renda fremu tatu za majaribio, moja nyepesi, moja ya wastani, moja nzito, upate wastani. Fremu moja ikichukua dakika 3, kazi nzima ni saa 72, yaani siku tatu mchana na usiku. Ikichukua dakika 10, ni saa 240, siku kumi. Fanya hesabu hii kabla ya kuahidi tarehe kwa mtu yeyote.

Ukiona siku ni nyingi, ziko njia za kupunguza. Tumia injini ya kurenda ya Eevee, iliyo nyepesi, badala ya Cycles. Flow ilirendwa kwa Eevee ikafika Oscar. Punguza ukubwa kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na vitone vya kukokotoa vitakuwa chini ya nusu. Zima vivuli vya majani ya mbali.

Usirende kamwe kuwa video moja kwa moja. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 900, faili nzima huharibika. Renda picha moja moja za PNG ndani ya folda ya shoti. Kwenye ukurasa wa matokeo wa Blender, ondoa alama ya Overwrite na uweke ya Placeholders. Hapo umeme ukirudi, kompyuta itaendelea pale ilipoishia, na laptopu ya pili iliyounganishwa kwenye folda hiyohiyo itachukua fremu ambazo ya kwanza haijazigusa. Jambo moja la kukumbuka: fremu iliyokuwa inatengenezwa umeme ulipozimika huacha faili tupu. Panga faili kwa ukubwa, futa zenye baiti sifuri, ndipo uendelee.

Mvua ya radi ikianza, chomoa laptopu ukutani. Weka nakala tatu za kazi: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski nyingine inayolala nyumba tofauti.

Sauti na kumalizia

Kwa kuwa mto wetu unaishi masikioni, sauti ni nusu ya filamu. Nenda ukarekodi maji yaliyotulia kwa simu, asubuhi, mbali na bodaboda. Mngurumo wa mafuriko usiufuate mtoni. Bingirisha mawe ndani ya pipa, rekodi, kisha ishushe sauti hiyo kwenye Audacity mpaka iwe nzito. Anza kuisikizisha kwa chini sana sekunde kadhaa kabla kinyonga hajageuza jicho. Mtazamaji aihisi hatari kabla ya mhusika kuijua.

Kama unataka muziki, waombe wapigaji wa endara, marimba ya Wakonzo, wakupigie kipande kifupi kilichotungwa kwa ajili ya filamu hii, mwandikiane makubaliano, uwalipe na uwataje mwishoni. Usichukue wimbo wa mtu mtandaoni.

Filamu isiyo na maneno itaeleweka Maliba kama itakavyoeleweka Mpondwe, na Kasindi na Beni ng'ambo ya mpaka. Ukihitaji sentensi ya onyo mwishoni, iandike kwa Lukonzo na Kiswahili, herufi kubwa, ikae sekunde nne. Toa nakala mbili za MP4: moja yenye ubora wote kwa ajili ya projekta shuleni na kwenye vibanda vya filamu, na moja nyepesi ya simu. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, dakika yako itakuwa megabaiti 15 tu, na itatumwa kwa bando dogo.

Ratiba ya watu watatu

Watu watatu wanaofanya kazi jioni na mwishoni mwa juma wanaweza kuimaliza kwa wiki 12: wiki tatu za hadithi, storibodi na animatiki, tatu za umbo na mifupa, moja ya jukwaa na kamera, tatu za uhuishaji, moja ya mwanga na kurenda, moja ya sauti na uhariri. Mmoja wenu awe na neno la mwisho kuhusu hadithi, na jina lake liandikwe juu ya storibodi ili pasiwe na ubishi wiki ya tisa. Kila Jumamosi tazameni filamu nzima kwa hali iliyonayo, iwe penseli, kijivu au rangi, na muamue mambo matatu tu ya kurekebisha wiki ijayo.

Ikikamilika, msiifute rigi. Kinyonga huyo sasa ana umbo, mifupa, ngozi mbili na mwendo uliotafitiwa, na tawi lake lipo. Filamu ya pili, labda ya radi, ya kunawa mikono au ya kutunza msitu, itaanza mkiwa tayari na kazi ya wiki nne mkononi. Andikeni hadithi yake wiki ileile mnayoionyesha ya kwanza, wakati watoto bado wanauliza kinyonga atafanya nini tena.